Somo la Saba: Upatanisho wa Kisarufi wa Majina ya Wanyama

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mwalimu tarajali aweze:
(a) kueleza kwa nini majina ya wanyama huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, hata yanapokuwa na umbo la ngeli nyingine;
(b) kutofautisha sentensi ambamo mnyama ndiye kiima na zile ambamo kundi, kiungo cha mwili au mzoga ndio kiima;
(c) kutambua athari ya lugha ya kwanza ya mwanafunzi na kuirekebisha bila kumvunja moyo.

7.1 Utangulizi

Mwalimu aliyewahi kusahihisha insha za Kiswahili nchini Uganda, Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo bila shaka amekutana na sentensi kama hii: *Ng'ombe inakula majani. (Katika somo hili, alama ya nyota huonyesha sentensi isiyo sanifu.) Mwanafunzi aliyeiandika si mzembe. Ameongozwa na kanuni, tena kanuni iliyo sahihi kabisa katika lugha ya nyumbani kwao. Mganda husema Ente erya omuddo kwa umoja na Ente zirya omuddo kwa wingi. Mnyarwanda husema Inka irarya ubwatsi na Inka zirarya ubwatsi. Kirundi nacho hufuata mtindo huo huo. Katika lugha hizo jina la ng'ombe limo katika ngeli ya 9 kwa umoja na ya 10 kwa wingi, na kitenzi hulifuata jina kwa umbo lake.

Kiswahili sanifu kimeshika njia nyingine. Jina likitaja mtu au mnyama, kitenzi hakiulizi jina lina umbo gani, bali huuliza kama kinachotajwa ni kiumbe hai. Ndiyo maana tunasema Ng'ombe anakula na Ng'ombe wanakula.

Walimu wengi hulifundisha jambo hili kwa kutumia ng'ombe, mbuzi na kuku, na wanafunzi hukariri sentensi zile zile mpaka zikawakaa mdomoni. Lakini kukariri sentensi si kuijua kanuni. Mwanafunzi anayeijua kanuni huonekana pale anapokutana na mnyama ambaye hajawahi kumsikia, akampa upatanisho unaomstahili. Kwa sababu hiyo tumechagua kwa makusudi kifungu cha safari ya mbali, katika nchi ya theluji, ambako takriban kila mnyama ni mgeni kwetu. Tukisome polepole, kisha tukichambue.

7.2 Kifungu cha kusoma: Barabara ya Bonde la Lamar

Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone nchini Marekani ilianzishwa mwaka 1872. Sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Wyoming, na pande zake nyingine zimeingia katika majimbo ya Montana na Idaho. Majira ya baridi yanapofika, karibu barabara zake zote hufungwa kwa magari ya kawaida kwa sababu ya theluji. Inayobaki wazi mwaka mzima ni ile ya kaskazini, itokayo mji mdogo wa Gardiner, ikapitia Mammoth na bonde la Mto Lamar hadi lango la kaskazini-mashariki. Urefu wake ni takribani kilomita 84. Baada ya lango, barabara huendelea kidogo hadi Cooke City, na hapo ndipo mwisho wa safari wakati wa baridi, kwa kuwa mbele yake hapapitiki kwa gari. Aliyekwenda kwa njia hiyo hana budi kurudi kwa njia hiyo hiyo.

Msafiri mmoja aliondoka Gardiner peke yake kabla ya mapambazuko, mwezi wa Januari. Ndani ya gari alikuwa na blanketi mbili, sepetu, chakula cha siku nzima, chai ya moto ndani ya chupa, na darubini. Simu alikuwa nayo, lakini katika sehemu kubwa ya bonde lile simu haishiki mtandao.

Huko Mammoth, mvuke wa chemchemi za moto ulikuwa ukipanda juu ya matuta meupe ya chokaa. Elki, ambao ni jamaa ya kulungu wakubwa, walikuwa wamelala kati ya majengo. Dume mmoja aliinua kichwa. Pembe zake zilikuwa zimeshika theluji.

Baada ya njia panda ya Tower, barabara iliteremka bondeni. Bonde lote lilikuwa jeupe. Mto ulikuwa umeganda kingoni, na maji yalipita katikati mithili ya utepe mweusi. Mbali, karibu na mto, msafiri aliona madoa ya rangi ya kahawia. Je, yalikuwa mawe? Aliyahesabu, yakafika saba. Akaegesha gari mahali palipotengwa, akazima injini, akaishika darubini. Doa moja likasogea. Likainua kichwa, na kichwa kile kilikuwa na ndevu zilizoganda barafu. Hayakuwa mawe. Walikuwa baisani, wanyama wa ukoo mmoja na nyati wetu, nao walikuwa wakifukua theluji kwa vichwa vyao, wakivipeleka kushoto na kulia, ili wazifikie nyasi kavu zilizofunikwa.

Muda si mrefu kundi jingine la baisani likaingia barabarani. Theluji ya kando ilikuwa na kina kirefu, na wanyama hupenda kupita palipofyekwa. Baisani dume huweza kufikia uzito wa kilo 900, na akikasirika hukimbia mara tatu ya mbio za mtu. Kanuni za hifadhi humtaka mgeni akae umbali usiopungua mita 23 kutoka kwa baisani na elki, na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwamwitu. Msafiri alisimamisha gari, hakufungua mlango, akangoja. Kundi lilipita. Baisani wa mwisho alisimama, akalitazama gari, kisha akaenda zake.

Ilipokaribia saa nne asubuhi, kunguru weusi walionekana wakizunguka juu ya mteremko. Chini yao palikuwa na mzoga wa elki. Mzoga ulikuwa umeliwa nusu. Mbwamwitu watano walikuwa wamelala karibu nao, wameshiba. Wanyama hao waliangamizwa hifadhini humo katika miaka ya 1920, kisha wakarudishwa kutoka Kanada: 14 mwaka 1995 na 17 mwaka 1996. Kwa mbali koyoti mmoja aliingoja zamu yake. Msafiri hakuwa na mtu wa kumwambia alichokiona, basi akafungua daftari, akaandika: "Mbwamwitu watano wamelala. Mzoga umelala. Koyoti amesimama. Mti umesimama. Gari limesimama. Mimi nimesimama."

Alifika Cooke City saa sita, akala, akageuza gari mapema. Jua la Januari huwahi kutua, na barafu ya jioni haimsamehe dereva aliye peke yake.

7.3 Msamiati

Theluji: chembe laini nyeupe ziangukazo kutoka angani penye baridi kali.
Barafu: maji yaliyoganda yakawa magumu.
Baisani: mnyama mkubwa wa jamii ya ng'ombe, mwenye nundu na manyoya mazito, wa Amerika ya Kaskazini.
Elki: mnyama wa jamii ya kulungu, dume huwa na pembe zenye matawi.
Koyoti: mnyama afananaye na bweha, mdogo kuliko mbwamwitu.
Mbwamwitu: katika kifungu hiki si yule mwenye mabaka wa mbuga za Afrika, bali mnyama wa nchi za baridi anayewinda kwa kundi.
Mzoga: mwili wa mnyama aliyekufa.

7.4 Uchambuzi

(a) Jina geni, kanuni ile ile

Majina baisani, elki na koyoti yamekopwa. Hayana kiambishi cha ngeli yoyote, na kwa umbo yangeweza kuwekwa pamoja na darubini au injini. Hata hivyo, upatanisho wake ni tofauti. Linganisha jozi hizi:

Kiambishi cha kiima: Baisani amesimama. / Darubini imeanguka.
Wingi wake: Baisani wamesimama. / Darubini zimeanguka.
Kivumishi: kunguru mweusi, kunguru weusi / barabara nyeusi.
Idadi: koyoti mmoja, mbwamwitu wawili / chupa moja, blanketi mbili.
Kionyeshi: elki yule / chemchemi ile.
Kirejeshi: elki aliyelala / theluji iliyoanguka.
Kiambishi cha mtendwa: Alimwona koyoti. / Aliishika darubini.

Mwalimu azingatie kwamba upatanisho haukomi kwenye kitenzi. Mwanafunzi mwingi huandika Ng'ombe anakula kwa usahihi, kisha katika sentensi inayofuata huandika *ng'ombe ile nyeusi. Kanuni ameijua nusu. Kionyeshi na kivumishi navyo vinapaswa kufuata: ng'ombe yule mweusi.

(b) Umbo la ngeli nyingine halibadilishi hukumu

Yapo majina ya wanyama yenye umbo la KI-VI, kama vile kiboko, kifaru na kipepeo. Viboko wa Ziwa Edward wana umbo sawa na viti vya darasani, lakini tunasema Kiboko amezama na Viboko wamezama, ilhali Kiti kimezama na Viti vimezama. Hali ni hiyo hiyo kwa majina ya watu yaliyokopwa au yenye umbo la KI-VI: Dereva amepunguza mwendo, madereva wamepunguza mwendo, kijana amefika, vijana wamefika.

(c) Neno kuu la kirai ndilo linalotawala

Hapa ndipo wanafunzi waliokwisha kuishika kanuni ya A-WA huipitiliza. Kifungu kinasema Kundi lilipita, wala hakisemi kundi walipita, ingawa kila aliyemo katika kundi ana uhai. Kiima ni kundi, jina la LI-YA, na baisani ni kijalizo chake tu. Vivyo hivyo:

Pembe zake zilikuwa zimeshika theluji.
Kichwa kile kilikuwa na ndevu.
Makundi ya baisani yamevuka mto.

Sehemu ya mnyama si mnyama. Nyama nayo huchukua I: Nyama imeiva, bali Mnyama ameondoka.

(d) Mzoga umelala, mbwamwitu wamelala

Tuitazame tena daftari ya msafiri. Kitenzi ni kimoja, mahali ni pamoja, lakini mbwamwitu wamelala na mzoga umelala. Je, inamaanisha kwamba mnyama akifa hupoteza upatanisho wake? Hapana. Tunasema bado Elki amekufa na elki aliyekufa amefunikwa na theluji. Kilichobadilika ni jina tulilolichagua: mzoga ni jina la U-I, nalo hutaja mwili kama kitu. Kwa upande mwingine, Mti umesimama japokuwa mti una uhai, huota na hufa. Kwa hiyo uhai tunaouzungumzia ni uhai wa kisarufi, unaowahusu watu, wanyama, ndege, samaki na wadudu. Mimea haimo. Mwalimu asipolieleza hili, ataulizwa swali hilo na mwanafunzi mwerevu, na itambidi awe na jibu.

(e) Doa likasogea

Sentensi nne za kifungu zinastahili kuandikwa ubaoni peke yake: Doa moja likasogea. Likainua kichwa. Hayakuwa mawe. Walikuwa baisani. Msafiri aliyahesabu madoa kwa kiambishi -ya-, kwa sababu wakati ule hakujua ni nini. Hata doa liliposogea, upatanisho ulibaki li-, maana jina lililotumika lilikuwa doa. Alipokwisha kuwatambua, jina likabadilika na kiambishi kikabadilika nalo: walikuwa, wakifukua, wazifikie.

Mtu huyo alikuwa peke yake, na hapakuwa na mwenzake wa kumuuliza kama kile kilikuwa jiwe au mnyama. Lugha yenyewe ndiyo iliyomtaka aamue. Msemaji wa Kiswahili hawezi kusema kwamba kitu kimesimama bila kuonyesha, kwa kiambishi kimoja kifupi, jina analolitumia limemweka mtajwa upande gani. Kosa la upatanisho, basi, si kosa la pambo. Linampa msikilizaji habari iliyopotoka.

(f) Tofauti mbili za kukumbuka

Kwanza, vimilikishi. Majina ya watu yasiyo na kiambishi, hasa ya udugu na urafiki, huchukua kimilikishi cha I-ZI huku kitenzi kikibaki A-WA: rafiki yangu amefika, ndugu zangu wamefika. Kwa wanyama, umoja huwa ng'ombe wangu amepotea, na katika wingi imezoeleka kusemwa ng'ombe zangu wamepotea.

Pili, ukubwa na udogo. Msemaji akikusudia kumkuza au kumdunisha mnyama, hubadili umbo la jina na upatanisho kwa pamoja: Kijibwa kile kinabweka, Jibwa lile linabweka. Hapa kuacha A-WA ni kusudi, wala si kosa. Kwa sababu hiyo hiyo, mwanafunzi anayeacha A-WA bila kukusudia huweza kusikika kama anayebeza.

7.5 Mbinu za kufundishia

Tunapendekeza hatua tatu.

Hatua ya kwanza, mwalimu aanze na lugha ya wanafunzi. Aandike ubaoni sentensi mbili sambamba, ya lugha yao na ya Kiswahili: Inka irarya ubwatsi; Ng'ombe anakula majani. Awaulize wao wenyewe waoneshe tofauti iko wapi. Mwanafunzi akiona kwamba lugha yake ina utaratibu wake, hatalichukua kosa lake kuwa ni ujinga. Ataliona kuwa ni mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake, na ataweza kumtambua atakaporudi. Wino mwekundu peke yake haufanyi kazi hiyo.

Hatua ya pili ni mchezo wa doa. Mwalimu achore ubaoni doa, na darasa litunge sentensi: Doa limetulia. Aongeze miguu minne, kisha kichwa, kisha pembe. Kila anapoongeza mstari, mwanafunzi mmoja aseme sentensi mpya. Darasa lisikilize ni wakati gani li- inageuka kuwa a-, na aliyegeuza aeleze sababu. Mchezo huu hauhitaji kifaa chochote isipokuwa chaki, na hufaa hata darasa lenye wanafunzi wengi.

Hatua ya tatu, mwalimu alete majina mageni: baisani, elki, koyoti, pengwini, kangaruu. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuyasikia akiyapatanisha sawasawa, hapo mwalimu ajue kwamba kanuni imekaa. Baada ya hapo achanganye na kundi, mzoga na pembe, ili kupima kama mwanafunzi anatambua neno kuu la kirai.

Jambo la mwisho linamhusu mwalimu mwenyewe. Katika miji yetu mingi, Kiswahili cha mazungumzo husema ng'ombe inakula bila mtu kushtuka, na mwalimu naye huishi katika miji hiyo. Nje ya darasa azungumze kama wenzake wanavyozungumza. Ndani ya darasa ulimi wake ndio kitabu cha kwanza cha mwanafunzi. Mtoto atakayesikia mbuzi imepotea kila siku kutoka kwa mwalimu wake hataamini kitabu kinachomwambia vingine, na siku ya mtihani atakayepoteza alama ni yeye.

7.6 Zoezi

1. Kwa kutumia kifungu, toa mifano mitatu ya sentensi ambazo kiima chake ni mnyama na mitatu ambayo kiima chake ni sehemu ya mwili, kundi au mzoga.
2. Sahihisha sentensi hizi na ueleze sababu ya kila sahihisho:
   (i) *Koyoti ile imesimama mbali.
   (ii) *Kundi la elki wamelala kati ya majengo.
   (iii) *Kiboko kikubwa kimezama ziwani.
   (iv) *Msafiri aliziona baisani mbili.
3. Andika kwa wingi: Tai mmoja mkubwa ametua juu ya mti mrefu uliofunikwa na theluji.
4. Eleza kwa nini "Mti umekufa" na "Elki amekufa" zina viambishi tofauti vya kiima.
5. Taja hali moja ambamo kuacha upatanisho wa A-WA kwa jina la mnyama kunakubalika, na utoe mfano wako.
6. Chagua lugha moja ya Kibantu isemwayo katika eneo lako. Andika sentensi tatu zenye majina ya wanyama, zifasiri kwa Kiswahili, kisha ulinganishe upatanisho.
7. Andaa mpango wa kipindi cha dakika 40 wa kufundisha upatanisho wa majina ya wanyama kwa kutumia mchezo wa doa. Onyesha ni kosa gani unalotarajia litokee na utalishughulikia vipi.

7.7 Muhtasari

Jina la mnyama huchukua upatanisho wa A-WA kwa sababu ya uhai wa kisarufi wa anayetajwa, si kwa sababu ya umbo la jina. Upatanisho huo huenea kwenye kitenzi, kivumishi, idadi, kionyeshi na kirejeshi. Kundi, kiungo na mzoga hufuata ngeli zao wenyewe. Kosa la mwanafunzi wa eneo letu katika jambo hili mara nyingi hutoka katika kanuni sahihi ya lugha nyingine, na kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mahali ambapo njia mbili zinaachana. Katika somo linalofuata tutazitazama ngeli za mahali, PA, KU na MU.